MAJI MACHAFU YA NYUMBA YAKO YANAKWENDA WAPI?

Ndugu msomaji, jana jioni, bukari ilipokwisha kuliwa na vyombo vilipokwisha kuoshwa, maji ya kuoshea uliyamwaga wapi? Na maji waliyoogea watoto? Na choo chako kikijaa, maji yake yanapita wapi?

Watu wengi nikiwauliza neno hili hospitalini hunijibu, "Mganga, yanakwenda tu." Lakini maji hayaendi tu. Maji hushuka. Hapa kwetu Shituru, mvua ikinyesha, maji ya mferejini hutoka parseli moja na kuingia parseli nyingine, yakifika mwisho huingia katika kijito, na vijito hushuka mpaka Mto Panda, na Panda hupeleka maji yake katika Lufira. Kila mahali yanapopita kuna watu. Yuko anayechota, yuko anayefua, yuko mtoto anayecheza.

Kwa hiyo leo tutajifunza habari ya maji machafu: ni nini ndani yake, yanaletaje ugonjwa, na jinsi watu wenye fedha kidogo wanavyoweza kuyasafisha kwa mawe na matete kabla hayajamfikia jirani.

MAMA ALIYEFAGIA KILA ASUBUHI

Wakati mmoja wa mvua, mama mmoja alimleta mtoto wake usiku. Mtoto alikuwa akihara maji meupe kama maji ya kuoshea mchele. Macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiibana ilikaa vile vile, hairudi upesi. Ilikuwa kipindupindu, ndicho watu wengi huita kolera. Tulimtia maji ya chumvi katika mshipa, na kwa rehema ya Mungu aliishi. Lakini mdogo wake alikuwa amekwisha kufa nyumbani siku iliyotangulia.

Nilimwuliza mama habari za choo na maji. Alinijibu akilia, "Mganga, kwangu ni safi. Ninafagia kila asubuhi. Choo changu kina kifuniko."

Nami baadaye nilikwenda kuona. Mama alikuwa amesema kweli. Parseli yake ilikuwa safi kuliko nyingi. Lakini juu yake kilimani palikuwa na nyumba zenye vyoo vya maji, na shimo lao lilikuwa limejaa tangu zamani. Maji yake yalitoka chini ya kifuniko, yakashuka kwa mfereji, yakapita hatua chache tu kutoka kisima chake. Ugonjwa haukutoka kwake. Ulimjia kutoka juu.

Mwanzoni mwa mwaka 2008 kolera ilishika Likasi na Lubumbashi kwa nguvu, na tangu hapo imerudi katika jimbo letu mara nyingi. Mgonjwa wa kolera aliyezidiwa aweza kupoteza zaidi ya lita 10 za maji kwa siku moja, na kila tone limejaa vijidudu. Homa ya matumbo nayo hupita njia hiyo hiyo, na kuhara damu, na mayai ya minyoo. Kufagia ni kuzuri, nawe usiache. Lakini ufagio hauzuii maji ya jirani. Tunahitaji kazi ya watu wote wanaokaa katika mteremko mmoja.

UCHAFU UNAOOZA NA UCHAFU USIOOZA

Kwanza ujue ya kuwa kuna uchafu wa namna mbili.

Uchafu wa kwanza ni ule unaooza. Ni mavi, mkojo, mabaki ya chakula, sabuni, mafuta ya kupikia. Uchafu huu una vijidudu vingi vya ugonjwa, lakini ukikaa muda wa kutosha mahali panapofaa, huvunjika, hubadilika, na vijidudu vyake hufa.

Uchafu wa pili ni ule usiooza. Ni shaba, kobalti, risasi, na madini mengine yanayotoka katika maji ya viwanda. Risasi haiozi. Ukiizika leo, wajukuu wako wataikuta.

Kazi tunayofundisha hapa ni ya uchafu wa kwanza. Habari ya ule wa pili tutaisema mwishoni, kwa maana watu wa Shituru hawawezi kuiacha.

KAZI YA DEMBO

Wewe unajua dembo, lile bonde lenye maji na majani marefu. Umeona ya kuwa maji ya mvua huingia huko yakiwa mekundu kwa udongo, nayo hutoka upande wa chini yakiwa meupe. Majani huyapunguzia mbio, udongo hutua, na mizizi hushika taka. Dembo hufanya kazi hii mchana na usiku, bila moto wa umeme na bila mshahara.

Sikia habari ya Kampala, mji mkuu wa Uganda. Huko kuna bwawa la mafunjo liitwalo Nakivubo. Kwa miaka mingi maji machafu ya sehemu kubwa ya mji, pamoja na maji yanayotoka katika kiwanda cha kusafishia maji taka cha Bugolobi, yamepita katika mafunjo hayo kabla ya kuingia katika Ziwa Viktoria. Na si mbali na hapo, huko Ggaba, mji huvuta maji yake ya kunywa! Mwaka 1999 wataalamu walihesabu faida ya kazi hiyo ya mafunjo, wakaona ya kuwa yaweza kufika dola milioni 1 na zaidi kwa mwaka. Lakini watu walikuwa wamekwisha kukata mafunjo mengi ili kulima magimbi na miwa, na wengine walijenga. Mafunjo yakipungua, uchafu hufika ziwani mwingi zaidi, na gharama ya kuyasafisha maji ya kunywa huongezeka. Jambo hili litufundishe tusidhani ya kuwa dembo ni mahali pasipo kazi.

WATU WALIOIGA KAZI HIYO

Basi wako watu waliojiuliza: Je, hatuwezi kutengeneza dembo dogo kwa mikono yetu, mahali tunapotaka?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, bibi mmoja wa Ujerumani, Käthe Seidel, mtaalamu wa mimea katika mji wa Plön, alianza kujaribu kupitisha maji machafu katika mimea ya majini. Wengi hawakumsadiki, lakini aliendelea. Mwaka 1974 katika kijiji cha Othfresen, huko huko Ujerumani, walianza kutumia matete kusafisha maji machafu ya watu wengi. Tangu hapo kazi hii imeenea duniani.

Nayo imefika karibu na kwetu. Huko Nairobi, tangu mwaka 1994, maji machafu ya mkahawa wa Carnivore na ya mabwawa ya kuogelea ya Splash yalipitishwa kwanza katika kitanda cha mawe chenye majani, kisha katika vidimbwi. Huko Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichunguza kazi hii miaka mingi, na walimu wake walisaidia kuijenga katika shule na vyuo, kama Shule ya Sekondari ya Ruaha na Chuo cha Ualimu cha Kleruu, vyote viwili katika mji wa Iringa. Karibu na Mombasa, gereza la Shimo la Tewa lilijengewa bustani ya namna hii, ili maji ya vyoo vya maelfu ya watu yasiingie machafu katika mkono wa bahari wa Mtwapa.

Tazama basi: shule, chuo, gereza, mkahawa. Hapo ndipo panapofaa zaidi, mahali penye watu wengi na maji mengi. Lakini hata nyumba tatu za jirani zaweza kuungana.

VIJIDUDU VINAVYOTUSAIDIA

Sasa mtu atauliza, "Matete yanakunywa uchafu?" Hapana, si hivyo hasa. Matete huchukua sehemu ndogo tu ya uchafu kuwa chakula chake. Kazi kubwa hufanywa na vijidudu visivyoonekana kwa macho.

Umezoea kusikia kwetu ya kuwa vijidudu ni adui. Lakini si vyote. Viko vinavyokaa juu ya mawe na juu ya mizizi, kama utelezi unaouona juu ya jiwe la kijito. Hivyo hula uchafu unaooza. Maji yakipita polepole kati ya mawe, vijidudu hivi hula taka iliyomo, na wanyama wadogo sana hula vijidudu vya ugonjwa. Vingine hunaswa katika mawe, na vingine hufa kwa njaa na kwa kukaa siku nyingi nje ya tumbo la mtu.

Na matete yanafanya nini? Mizizi yake huteremsha hewa kidogo chini kwenye maji. Tena hufungua njia kati ya mawe, na kuwapa vijidudu wema mahali pengi pa kukaa. Kwa hiyo mawe ni nyumba, vijidudu ni wafanyakazi, na matete hutunza nyumba.

Bustani iliyojengwa vizuri huondoa sehemu kubwa ya uchafu unaooza, mara nyingi zaidi ya 80 katika kila 100. Maji hutoka bila harufu mbaya. Na vijidudu vya tumboni hupungua sana, hata 99 katika kila 100 huondoka.

Lakini simama hapa uhesabu pamoja nami. Katika kikombe cha maji ya choo vijidudu vya tumboni vyaweza kuwa milioni 10. Ukiondoa 99 katika kila 100, vinabaki 100,000. Kwa macho maji ni meupe kama ya chemchemi. Ndani yake bado mna ugonjwa. Basi shika neno hili: MAJI YANAYOTOKA KATIKA BUSTANI YA MATETE SI YA KUNYWA, WALA YA KUPIKIA, WALA YA KUOGEA.

JINSI YA KUIJENGA

Tuseme ni watu 10, wanaotumia lita 400 za maji kwa siku. Fanya hivi:

1. Chagua mahali chini ya nyumba, ili maji yashuke yenyewe. Pawe mbali na kisima cho chote, meta 30 au zaidi, na kisima kisiwe upande wa chini.

2. Jenga kwanza shimo la kutulia, la matofali na saruji, ndilo watu wa mji huita fosi septiki. Liwe na vyumba viwili. Urefu wa ndani meta 2, upana meta 1, na kina cha maji meta 1 na sentimeta 20. Uzito hutua chini, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hupita. Mayai mengi ya minyoo hubaki humo chini. Usiruke hatua hii. Bustani isiyo na shimo la kutulia hufa upesi.

3. Chimba kitanda: urefu meta 6, upana meta 2 na nusu, kina sentimeta 70. Chini yake pateremke kidogo sana, sentimeta 1 kwa kila meta.

4. Ziba chini na kando ili maji machafu yasiingie ardhini. Udongo wa kichuguu unafaa, ule ule wa matofali. Uponde, utie maji, uushindilie tabaka kwa tabaka. Wenye uwezo hutandika plastiki nene.

5. Jaza mawe mpaka sentimeta 60. Mahali maji yanapoingia na yanapotoka tia mawe makubwa, kama ngumi ya mtoto. Katikati tia changarawe ya ukubwa wa punje ya mahindi au zaidi kidogo. OSHA MAWE YOTE KWANZA. Tope likiingia kati ya mawe, njia ya maji inafungwa.

6. Mawe yatoke mahali safi. Usichukue mawe ya kijani, wala mabaki ya mgodi, hata kama ni ya bure na yako karibu. Shaba iliyomo huua vijidudu wema na kuchoma mizizi.

7. Mwisho wa kitanda weka bomba la kutokea lenye kiwiko, ambalo waweza kuliinua na kuliteremsha. Maji yasimame sentimeta 5 hadi 10 chini ya uso wa mawe. Ukitembea juu ya mawe, mguu wako usilowe.

8. Panda matete au mafunjo ya dembo lenu. Kata vipande vya shina la chini vyenye macho, upande vinne katika kila meta ya mraba. Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua. Acha yashike kwa majuma machache na maji safi, kisha yazoeze maji machafu polepole.

Ukipima kitanda hiki utaona ya kuwa maji hukaa kati ya mawe karibu juma moja kabla ya kutoka. Siku hizo ndizo dawa yenyewe. Ukipunguza kitanda nusu, umepunguza dawa nusu.

Kuhusu gharama: kazi hii haitaki pampu, wala mashine, wala dawa ya kununua. Kinachogharimu zaidi ni saruji ya shimo na mawe, kwa maana kitanda hiki kinataka meta 9 za ujazo. Kuchimba, kushindilia, kuosha mawe na kupanda, haya yote ni kazi ya mikono. Watu wa kanisa au wa kartie moja wanaweza kuyafanya kwa Jumamosi chache.

KOSA TULILOFANYA

Sitaki udhani ya kuwa tulijua tangu mwanzo. Katika shule moja ya bweni, ambayo sitaitaja, tulijenga bustani ya matete kwa haraka, kabla wageni hawajafika. Tulitia changarawe bila kuiosha. Shimo la kutulia lilikuwako tangu zamani, nasi hatukulifungua kulitazama. Kumbe lilikuwa limejaa tope mpaka juu.

Mwaka wa kwanza matete yalikua mazuri, nasi tukapigwa picha. Mwaka wa pili maji yalianza kusimama juu ya mawe. Harufu ikarudi. Kisha mbu wakaja, na wasichana wa bweni lililo karibu wakaanza kufika hospitalini na malaria, mmoja baada ya mwingine. Wazazi walisema, "Ninyi watu wa hospitali mmetuletea ugonjwa." Nami sikuwa na la kujibu, kwa maana walisema kweli, na mimi ndiye niliyesimamia kazi ile.

Ilitulazimu kuondoa mawe yote kwa mikono, kuyaosha, kuondoa tope la shimo, na kuanza tena. Kazi ya pili ilichukua siku nyingi kuliko ya kwanza. Lakini tangu hapo mtumishi mmoja wa shule alipewa kazi ya kuitazama bustani kila Jumatatu, na jina lake likaandikwa ukutani. Bustani isiyo na mtu wake ni dimbwi la mbu.

MAMBO SITA YA KUANGALIA

Kwanza, mbu. Mbu hutaga mayai juu ya maji yaliyo wazi. Maji yakibaki chini ya mawe, hawana mahali pa kutaga. Ukiona maji juu ya mawe, teremsha bomba siku hiyo hiyo na utafute mahali palipozibwa.

Pili, watoto na mbuzi. Zungushia ua. Watoto wasicheze humo.

Tatu, tope la shimo. Liondolewe baada ya kila miaka 2 au 3. Tope hili lina mayai ya minyoo yanayoishi muda mrefu. Anayeliondoa avae viatu na mipira ya mikono, alizike mbali na kisima, kisha aoge kwa sabuni. Asiingie ndani ya shimo kamwe. Hewa ya humo huua mtu mara moja, naye anayeingia kumwokoa hufa pia.

Nne, vitu visivyofaa. Usimwage humo petroli, mafuta ya gari, maji ya betri, wala dawa kali ya kloro kwa wingi. Vitawaua wale wafanyakazi wadogo. Kwa sababu hiyo hospitali hazipeleki ndoo za wagonjwa wa kolera huko. Ndoo hizo hutiwa kloro, kisha humwagwa katika choo cha shimo kilichotengwa.

Tano, kukata. Kata matete mara moja kwa mwaka, wakati wa kipwa. Yanafaa kwa ua na kuezeka.

Sita, maji yanayotoka. Yapeleke kwa mfereji mdogo kwenye migomba na miti ya matunda. Usimwagilie mboga zinazoliwa mbichi.

MAJI YA KIWANDA NI NENO LINGINE

Sasa tuseme habari ya uchafu usiooza. Viwanda vya shaba vya Shituru vilianza kazi mwaka 1929. Mwaka uliofuata Lufira ilizibwa huko Mwadingusha, na ziwa tunaloliita Tshangalele likatokea. Kwa miaka mingi maji ya viwanda yameshuka kwa Panda na Lufira mpaka ziwa hilo. Mwaka 2010 wataalamu wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walitangaza uchunguzi wao: walikuta shaba, kobalti na madini mengine katika matope ya ziwa, katika majani yake, na katika samaki.

Unaona? Majani na matope yalifanya kazi yao. Yalishika madini. Lakini kuyashika siyo kuyamaliza. Mavi hunaswa, kisha huoza na kwisha. Shaba hunaswa, kisha hukaa, nayo huingia katika kidudu, na kidudu katika samaki.

Kwa hiyo mtu asije kukudanganya ya kuwa matete machache yatasafisha maji ya kiwanda. Ni kweli kwamba kwingine duniani wenye migodi hutumia mabwawa yenye majani na mawe ya chokaa kupunguza ukali wa maji yao, lakini hiyo ni kazi ya kiwanda chenyewe, yenye vipimo vya kila siku, na matope yake lazima yatunzwe kama sumu. Sheria huwataka wenye viwanda kusafisha maji yao kabla ya kuyaachilia. Nawe usiunganishe bustani yako ya matete na mfereji wa maji ya kiwanda. Wala usichote humo maji ya mboga.

Wako watu wanaosema, "Kwa kuwa mto umekwisha kuharibiwa na madini, choo changu kitaongeza nini?" Ndugu, kitaongeza kolera. Madini humdhuru mtu polepole kwa miaka. Kolera yaweza kumwua mtoto kati ya asubuhi na jioni. Deni la mwingine halifuti deni lako.

KAMA HUWEZI KUJENGA

Labda unasema, "Mimi ni mjane, ninapanga chumba kimoja, sina mawe wala saruji." Basi fanya unaloliweza:

Tumia choo cha shimo chenye kifuniko. Maji ya kuogea na ya vyombo usiyamwage njiani. Chimba shimo dogo, ulijaze mawe, uyamwage humo, na panda migomba kando yake. Maji ya kunywa uyachemshe au uyatie kloro. Nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni na kabla ya kushika chakula.

Mtu akihara maji, usingoje. Chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyo sawasawa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo njiani, huku mkimleta hospitalini.

Na jambo la mwisho unaloliweza ni kusema. Katika mkutano wa kartie, au wa wazazi shuleni, uliza swali lile tulilolianza: "Maji ya vyoo vya hapa yanakwenda wapi?" Mara nyingi hakuna aliyewahi kuliuliza.

Msomaji wa Biblia ataona katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, ya kuwa Waisraeli waliagizwa kwenda nje ya kambi, kuchimba shimo na kufunika. Agizo lile lilikuwa la kila mtu, kwa maana kambi moja ilikuwa ya wote.

Yule mama wa mtoto aliyekufa anakaa bado mahali pake. Wenye nyumba za juu, walipoonyeshwa njia ya maji kutoka shimoni kwao mpaka kisimani kwake, walinyamaza kimya. Kisha mmoja wao, mzee, akasema, "Hatukujua ya kuwa tunamnywesha." Walichanga, wakaondoa tope, wakatengeneza shimo, na chini yake wakapanda matete. Mama alikuja naye siku ya kuosha mawe. Hakuna aliyemwita. Alileta karai lake.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Maji machafu ya nyumba yako hupita wapi mpaka mtoni? Yafuate kwa miguu, uone.
2. Uchafu unaooza na uchafu usiooza vinatofautiana namna gani?
3. Ni nani wanaofanya kazi kubwa katika bustani ya matete?
4. Kwa nini maji yasisimame juu ya mawe?
5. Maji yanayotoka ni meupe. Kwa nini hatuyanywi?
6. Nani anakaa chini yako katika mteremko? Wajua jina lake?